Kutoka Ziwa Lisilo na Maji hadi Mchanga wa Njano

Mwenyeji wangu aliegesha baiskeli ukingoni mwa mfereji akasema tumefika. Nikatazama huku na huku nikitafuta tulichofikia. Palikuwa na shamba tambarare kama mkeka uliotandikwa, barabara iliyonyooka mpaka macho yakachoka kuifuata, na mfereji ambao maji yake yalikuwa juu kuliko barabara tuliyosimama. Boti ilipita, na ili niione vizuri ilinibidi niinue shingo. Nimekulia Tengeru, chini ya Mlima Meru, ambako mfereji hushuka kutoka mlimani na ugomvi wote wa wakulima ni nani kayageuzia maji shambani kwake usiku. Kwamba maji yanaweza kukaa juu ya kichwa cha mtu, yametulia, na mtu huyo akaendelea kupanda viazi bila wasiwasi, ni jambo nililolitazama kwa muda mrefu kuliko adabu ya mgeni inavyoruhusu.

"Tumesimama kwenye sakafu ya ziwa," alisema mwenyeji wangu. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na nadhani alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu tulipoondoka nyumbani. Eneo lote linaitwa Haarlemmermeer, na ile "meer" mwishoni ni "ziwa" kwa lugha yao. Lilikuwa ziwa kweli, tena la mawimbi, hadi Waholanzi walipojenga pampu kubwa tatu za mvuke zikalinyonya kuanzia 1849 hadi 1852. Likabaki tope, tope likawa shamba, na jina hawakulibadilisha. Uwanja wa ndege wa Schiphol nao uko humuhumu, mita kama nne chini ya usawa wa bahari. Maana yake siku tatu kabla ndege yangu ilikuwa imetua kwenye kina cha ziwa, na hakuna aliyenionya.

Nilikuja kwa ajili ya mtu mmoja. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Juni 1943 ndege ya mabomu aina ya Lancaster ya jeshi la anga la Uingereza, ikirudi kutoka kushambulia Gelsenkirchen huko Ujerumani, ilitunguliwa ikaangukia mashamba haya ya kijiji cha Nieuw-Vennep. Ndani yake walikuwamo watu saba. Wawili walikufa. Miongoni mwa waliotua kwa miavuli alikuwamo kijana mweusi wa miaka 23 aitwaye Cy Grant, mzaliwa wa Guyana, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza kule Amerika ya Kusini. Ilikuwa safari yake ya tatu tu ya vita.

Sababu ya kumfuata inaanzia kwetu. Babu yangu alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, na kwa muda fulani wa vita vile alilinda mateka Waitaliano kule Nanyuki. Kwa hiyo nimekua na hadithi za mateka, ila zote zilisimuliwa kutoka upande wa nje wa seng'enge. Niliposoma kwamba kulikuwa na mtu mweusi aliyekaa upande wa ndani, tena katika kambi mashuhuri kuliko zote, nilisema siku moja nitakwenda kupaona.

Grant hakuwa anaendesha ndege. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya pazia, kwenye meza ndogo yenye taa, na ramani, penseli na saa, akipiga hesabu za njia ili ndege ifike inakokwenda na irudi. Mwendeshaji alikuwa Mkanada. Sisi leo tungemwita Mkanada yule rubani, lakini mzee wa majahazi angetubishia. Rubani wa kale ni mjuzi wa njia, anayesoma nyota na rangi ya maji akamwambia mwenye usukani apinde wapi. Ndege zilipokuja tuliliinua neno kutoka baharini tukamvika aliyeshika usukani. Kwa maana ile ya kwanza, basi, rubani wa Lancaster ile alikuwa Grant.

Nilimwonyesha mwenyeji wangu kwenye simu jina la kijiji alichozaliwa Grant: Beterverwagting. Alilisoma bila kujikwaa hata kidogo, kisha akakunja uso.

"Hiki ni Kiholanzi," alisema. "Matarajio mema zaidi."

Ni kweli. Kabla ya Waingereza, pwani ile ya Guyana ilikuwa ya Waholanzi, nao walifanya huko walichokifanya hapa: walijenga kingo, wakachimba mifereji, wakaisukuma bahari nyuma wakapanda miwa. Tofauti ni kwamba huko waliochimba walikuwa watumwa kutoka Afrika. Mpaka leo maji yakijaa pwani ya Guyana huwa juu kuliko nchi kavu, na hurudishwa nyuma kwa kuta na milango ya mifereji. Nikafikiri juu ya kijana anayening'inia chini ya mwavuli gizani, moto unawaka pembeni, anatua kwenye mashamba yaliyokatwa kwa mifereji iliyonyooka. Ameanguka kutoka mbinguni akaangukia mahali palipofanana na kwao, kwa wale waliokipa kijiji chake jina. Mwalimu wangu alinyamaza kidogo, halafu akasema tukanywe kahawa.

Kahawa ya Kiholanzi inastahili aya yake. Unaletewa kikombe, na pamoja na kikombe biskuti moja. Bati lenye biskuti nyingine linafunguliwa mbele yako, unachukua, linafungwa. Nilikaa nikilitazama lile bati lilivyofungwa. Kwa mama yangu mgeni haulizwi kama atakula; anaketi, na kinachofuata ni suala la muda tu. Lakini nyumba hiyohiyo ya bati lililofungwa haina pazia lililoshushwa. Jioni tulipopita mitaani niliona sebule za watu zote zimeachwa wazi kwa barabara: baba anasoma, paka dirishani, meza imeandaliwa. Kwetu mlango uko wazi na dirisha lina pazia. Kwao mlango una miadi ya wiki mbili na dirisha liko uchi. Sijaamua nani kati yetu ni mkarimu zaidi.

Jioni ya tarehe 4 Mei nilikuwa bado Nieuw-Vennep, na nilipelekwa kwenye kumbukumbu ya wafu wa vita. Inafanyika saa mbili usiku, nami niliandika hivyo kwenye daftari langu kisha nikatazama juu: jua lilikuwa linawaka. Saa mbili usiku, jua liko juu ya paa la kanisa. Saa zetu za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa jua linapozama, hazikutengenezwa kwa ajili ya nchi kama hii. Bendera zilikuwa nusu mlingoti. Watu walikuja kwa miguu na baiskeli, wengi wao wakiwa na watoto, wakasimama bila kupangwa na mtu. Kisha dakika mbili za kimya, nchi nzima. Magari yalisimama. Nilisikia ndege wa porini, na mahali fulani kamba ikigonga mlingoti. Baada ya hapo majina yalisomwa, mmoja baada ya mwingine, na mtoto mmoja wa shule akaweka ua.

Mimi najua Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai: gwaride, tarumbeta, mizinga, viongozi wanaweka mkuki na ngao, wazee wanaweka upinde na mshale, na viongozi wa dini wanaomba. Ni sherehe nzuri, na ule mkuki hunigusa kuliko shada lolote. Ila majina sijawahi kuyasikia yakisomwa. Wanaitwa mashujaa, kwa wingi. Hata wapagazi wa vita vya kwanza, maelfu kwa maelfu waliobeba risasi na unga wakafia njiani, jina la kikosi chao cha Kiingereza tulilitamka kwa ulimi wetu likawa Kariakoo, na leo tunakwenda kununua vitenge ndani yake.

Waholanzi hawaachi kuwatafuta wafu. Udongo wa ziwa la zamani ni laini, na ndege iliyoanguka kwa kasi ilijichimbia mita kadhaa chini ikafunikwa, waliomo wakiwa humo. Tangu 2019 serikali yao ina mpango wa kufukua mabaki ya ndege kati ya 30 na 50 ambazo huenda bado zina miili ya watu. Mwaka 2020 walitoa moja ya Waingereza majini, aina ya Stirling, miaka 77 baada ya kuzama. Nilipouliza kwa nini nchi igharimie mifupa ya wageni, mwenyeji wangu aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini wanafagia mlango wa nyumba. "Wako kwenye shamba letu," alisema.

Na katika kijiji hiki kulikuwa na mtoto wa miaka 11 aliyeiona Lancaster ile ikianguka. Alikua, akazeeka, na hakuacha kuuliza walikuwa nani. Mwishoni alimpata Grant, mzee mwenzake, yuko hai London. Kazi yao ya pamoja ilizaa orodha ya majina ya wanahewa wa Karibi waliopigana upande wa Uingereza, mamia yao, ambayo Waingereza wenyewe hawakuwa wameiweka sawa.

Usidhani kwamba siku ile ya 1943 kijiji chote kilikuwa malaika. Mkulima alimpokea Grant, lakini polisi wa Kiholanzi akamkabidhi kwa Wajerumani. Kijana yule angejificha wapi? Mzungu aliyetunguliwa angeweza kuvaa koti la mkulima na kofia, akanyamaza, akapita. Grant hakuwa na koti la kumsaidia.

Wajerumani walimpeleka kwenye kambi ya mahojiano karibu na Frankfurt. Huko wakampiga picha, na picha hiyo ikatokea katika gazeti la chama cha Hitler, na chini yake maneno ya kusema kwamba huyu ni mwanajeshi wa anga wa Uingereza ambaye mbari yake haijulikani. Walitaka kuwachekesha wasomaji: tazameni Waingereza walipofika, wanaokota hadi watu wasiojulikana ni nani. Grant aliyahifadhi maneno yale zaidi ya miaka 60, kisha akayafanya jina la kitabu cha kumbukumbu zake. Hicho ndicho kisasi cha mtu mwenye subira.

Kutoka Frankfurt walimpeleka kwenye ile kambi mashuhuri, nami nikamfuata. Kutoka Berlin nilipanda treni kwenda Cottbus, nikabadilisha, nikavuka mpaka wa Poland bila kuonyesha pasipoti wala kuona askari, jambo ambalo mtu aliyezoea Namanga hulipokea kwa mashaka. Nje palikuwa na misonobari, misonobari, na tena misonobari, iliyosimama kwenye mchanga. Niliteremka Żagań. Enzi za Grant mji huu uliitwa Sagan nao ulikuwa Ujerumani. Mwaka 1945 mpaka ulisogezwa, Wajerumani wakaondoka, Wapolandi wakaja. Una mto uitwao Bóbr na kasri kubwa kupita mahitaji ya mji. Johannes Kepler, yule aliyefumbua njia za sayari, aliishi hapa katika miaka yake ya mwisho. Mjuzi wa njia mwingine, nikajiambia.

Mtoto wa kike, labda miaka minne, aliniona kituoni akasimama. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama anayesoma tangazo. Kwetu mtoto akimwona mgeni wa rangi nyingine hupaza sauti, "Mzungu!" na mtaa mzima unajulishwa, na mgeni anapunga mkono na mambo yamekwisha. Huyu hakusema neno. Mama yake alimvuta mkono, naye akaendelea kutembea akiwa amegeuza kichwa mpaka kona ikamficha. Nilijikuta natamani angepiga kelele. Siku nzima kila mtu alijua niko wapi, na ndipo nilipoelewa kwa nini mtu kama Grant angeweza kusaidia wengine watoroke lakini mwenyewe asingefika hata kituo hiki.

Kambi iko nje ya mji, msituni. Iliitwa Stalag Luft III, ilifunguliwa 1942, na waliofungwa ni wanahewa, wengi wao maofisa. Mwishoni walikuwa kama elfu kumi. Walilindwa na jeshi la anga la Ujerumani, si Gestapo, nayo ilikuwa tofauti ya uhai na kifo. Kwa mkataba wa Geneva wa 1929 ofisa hakulazimishwa kazi. Kwa hiyo walikuwa watu vijana, wenye elimu, wenye njaa, na wasio na la kufanya. Walisoma sheria na lugha, wakafanya mitihani. Walijenga ukumbi wa michezo ya kuigiza, na viti vyake walivitengeneza kwa masanduku ya Msalaba Mwekundu. Na walichimba.

Majengo ya zamani hayapo. Imebaki misingi ya matofali ndani ya msitu, moss imeipanda. Lakini jumba la makumbusho limejenga upya banda moja kwa mbao, namba 104, likiwa limeinuliwa juu ya nguzo fupi kama ghala la mahindi. Kwetu tunainua ghala ili panya wasiingie. Wajerumani waliinua mabanda ili askari wainame na kuona kama kuna shimo chini. Ndani mna vitanda vya dabodeka, jiko la chuma, meza, na kwenye rafu makopo.

Nilisimama mbele ya makopo muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Yalikuwa ya maziwa ya unga yaliyokuja katika vifurushi vya Msalaba Mwekundu, chapa ya Klim, jina ambalo ni neno la Kiingereza la maziwa lililosomwa kinyumenyume. Mateka waliyatoa vitako, wakayaunganisha moja kwa jingine, wakapata bomba la kupeleka hewa chini ya ardhi: makopo kama 1,400. Mengine wakayatilia mafuta ya kula, wakachoma utambi wa kamba ya pajama, ikawa taa.

Hiyo ni koroboi. Nilisema kwa sauti, peke yangu. Bibi yangu alikuwa na koroboi ya kopo la mafuta ya kupikia, mdomo wake umebanwa kwa koleo, utambi wa kitambaa cha pamba, na masizi yake yalituachia pua nyeusi kila asubuhi ya mtihani. Maofisa wa Uingereza, wahitimu wa vyuo vikuu, chini ya msitu wa Wajerumani, walifikia pale alipofikia bibi yangu, kwa njia ileile ya kukosa.

Na babu naye alikuwa na kopo lake. Kule Nanyuki, alisema, Waitaliano hawakutupa kopo hata moja. Walikata, wakakunja, wakafanya vijiko, sahani, hata maua. Mwezi Januari 1943, miezi mitano kabla Grant hajatunguliwa, watatu kati yao walitoroka kambi namba 354. Kiongozi wao aliitwa Felice Benuzzi. Hawakutaka kwenda kwao; walitaka kupanda Mlima Kenya, uliokuwa ukiwatazama kila siku juu ya seng'enge. Ramani hawakuwa nayo, ila kulikuwa na kopo la nyama lenye picha ya mlima huo kwenye karatasi yake. Wawili wao wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, wakashuka, na baada ya siku 18 wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Mkuu wa kambi aliwahukumu siku 28 za kufungiwa upweke, kisha akazipunguza hadi saba kwa kupendezwa na uanamichezo wao. Babu hakuwa zamu usiku ule, lakini kila alipofika hapo alicheka mpaka akakohoa. "Mtu anatoroka, halafu anarudi kuomba chakula!"

Nje ya banda, njia ya handaki imewekewa alama kwa mawe juu ya ardhi, nami niliitembea yote. Walikuwa wamechimba mahandaki matatu, Tom, Dick na Harry. Harry lilianzia chini ya jiko la banda 104, likashuka mita tisa hivi ili vinasa sauti vya Wajerumani vilivyofukiwa ardhini visisikie, kisha likaenda zaidi ya mita 100. Mchanga ulikuwa adui wa kwanza. Nilichokonoa kwa kisigino: juu ni kijivu, na chini kidogo tu ni njano kama dengu. Mchanga wa njano juu ya ardhi ya kijivu ni ushahidi wa kutosha mahakamani. Kwa hiyo waliubeba katika vifuko virefu ndani ya suruali, wakawa wanaumwaga kidogo kidogo wakitembea, kwa mwendo wa miguu miwili iliyobeba siri. Wenzao wakawaita pengwini. Mchanga ni wa kuporomoka, hivyo kuta zilishikiliwa kwa mbao za vitanda, kama 4,000. Kila aliyelala kambini alikuwa amelalia pengo.

Kwa hatua zangu zilikuwa 140. Mawe yanaishia kabla ya mahali ambapo miti ilianzia wakati ule. Hesabu ilipungua. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944, walipotoboa juu, walijikuta wazi, karibu na njia ya mlinzi, badala ya msituni. Hata hivyo 76 walitoka kabla ya kugunduliwa. Watatu walifika salama: Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja. Waliobaki, 73, walikamatwa, na Hitler akaamuru 50 wauawe. Gestapo wakawapiga risasi kwa vikundi vidogo vidogo, barabarani, na kudai walikuwa wakijaribu kutoroka tena.

Siku saba Nanyuki, risasi Sagan, kwa kosa moja. Ningependa kuishia hapo, lakini babu hakuishia hapo. Alisema Waingereza walewale, miaka kumi na kidogo baadaye, walizungushia Wakenya seng'enge Manyani na Mwea kwa makumi ya maelfu, na Hola, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Huko hakusikia habari za uanamichezo.

Mateka waliobaki waliruhusiwa kuwajengea wenzao 50 mnara wa mawe karibu na kambi, na bado upo, na majina yao. Majivu yenyewe yalihamishiwa Poznań baada ya vita. Nilikuta taa za makaburini zinawaka pale, zile za kioo chekundu zenye mfuniko, ambazo Wapolandi huuza kila duka, kando ya mikate. Nani kaziwasha siku ya kawaida ya kazi, sikumwona.

Grant alikaa katika mchanga huu hadi usiku wa tarehe 27 Januari 1945, Warusi walipokaribia. Wajerumani wakawatoa mateka wote kwa miguu kwenye theluji, siku kadhaa, kisha mabehewa ya mizigo. Yeye alifikia kambi ya Luckenwalde, kusini mwa Berlin, na huko ndiko Warusi walikomkuta. Alikuwa ameamua akiwa kambini kwamba atakuwa mwanasheria, akawa kweli, 1950. Lakini London haikuwa na kazi ya wakili mweusi. Akashika gitaa. Kuanzia 1957 alitokea kwenye televisheni ya BBC akiimba habari za siku kwa kalipso, iliyotungwa mchana huohuo. Msomaji wa Mombasa au Unguja haelezwi zaidi: alikuwa malenga wa taarifa ya habari. Alifariki 2010.

Mwanamke wa kukata tiketi pale makumbusho alikuwa anafunga daftari nilipopita kuaga. Aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tanzania, Tengeru, na nikangoja, kwa sababu nilidhani Mpolandi yeyote angelijua jina hilo. Hakulijua. Basi nikatoa simu nikamwonyesha: makaburi ya Wapolandi ndani ya eneo la chuo cha mifugo, karibu 150, na ukuta wake mweupe. Nikamweleza jinsi Wapolandi kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa na Warusi hadi Siberia, walivyoletwa kwetu kuanzia 1942, wakajenga vibanda vya mviringo, shule na kanisa katikati ya migomba. Yupo mtu wa kwetu anayeyafagia makaburi hayo.

Alivaa miwani. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kusoma misalaba, kwa sauti ndogo, jina baada ya jina, pamoja na miaka. Tulipokuwa watoto, siku za gulio, tulikuwa tukiingia pale tukishindana kusoma majina hayo, na kila L yenye kifimbo tumboni tuliisoma kama L yoyote. Kumbe ni W. Alinirekebisha bila kuinua macho.

"Staniswava," alisema.

"Staniswava," nikarudia.

"Ndiyo. Na huyu?"

Nilijaribu. Akatikisa kichwa, akanisomea tena polepole, na nilipokosa kwa mara ya pili akasogeza kiti cha pili karibu na meza, maana yalikuwa yamebaki mengi na basi langu lilikuwa halijafika.